Mgonjwa Aulizwe Uji

Siku ninayoikumbuka kila nikisikia harufu ya mahindi jikoni, mwanangu, ilikuwa Ijumaa, hapahapa Doha, katika nyumba moja kule Al Thumama. Nilikuwa na umri kama wako, sijaota kitambi hiki unachonitania. Nimetaka uisikie kwa sababu ya mambo ya Ijumaa iliyopita, ulipokuja chumbani kwangu hapa Najma, ukafungua kabati, ukatoa makopo yangu ya tui, pakiti ya unga wa ugali na mahamri niliyoyapika alfajiri, ukatia vyote kwenye mfuko mweusi. “Mamdogo,” ukasema, “hivi si vyakula vya mtu mwenye baridi yabisi. Khalas, tumeachana navyo.” Nami nikakujibu, “Haya, mwanangu.”

Ukaondoka umefurahi. Mimi nikabaki nimekaa kitandani nikilifikiria lile jibu langu, maana niliwahi kulisikia kinywani mwa mtu mwingine, na yaliyolifuata najuta mpaka leo.

Sikulaumu, Zuhura. Wewe ni muuguzi, unawaona wodini waliochelewa, na tangu mama yako afariki umebaki na mimi tu wa kumwita mama. Unajua pia kwamba ninakula kwa vidole hivi. Vikikakamaa sitaweza kushona sare za hoteli, na kazi ikienda, kibali cha kukaa nchi hii kinakwenda nayo. Hofu yako naijua, hata mimi ninayo. Lakini wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji, na methali hiyo imenitia hasara. Maana yake ni njema, kwamba mwenye shida usimsumbue kwa maswali, mpe msaada. Nami niliishika hivyohivyo, mpaka nilipomtunza Donya Chela.

Nilikuwa mfanyakazi wa nyumbani kwa familia moja ya Wameksiko. Mume alikuwa mhandisi, mtu wa kuondoka alfajiri na kurudi amechoka, hayumo sana katika kisa hiki. Mke nilimwita Madam Lusia. Na alikuwepo mama yake Madam Lusia, mjane, aliyeletwa kutoka kwao aje kutunzwa na bintiye. Huyo ndiye Donya Chela. Donya kwao ni kama sisi tusemavyo Bi. Kazi yangu kubwa ilikuwa yeye, kumvisha, kumkanda mikono kwa maji ya moto, kumsindikiza hospitali. Alikuwa na baridi yabisi. Kila alipoamka vidole vilikuwa vimevimba kwenye viungo, hata kifungo cha gauni hakifungi. Jua likipanda vinalegea kidogo, naye anaanza kutaniana na mimi.

Lugha yetu ilikuwa mchanganyiko wa kila kitu. Kiingereza cha kuokoteza, Kihispania chake, Kiarabu cha dukani, na palipobaki tuliongea kwa mikono. Aliniita miha, yaani mwanangu. Na tulikuwa na adui mmoja, kiyoyozi. Yeye kwao walimlea akijua kwamba baridi huingia mifupani, kwamba mtu aliyetoka kupiga pasi hagusi maji ya baridi. Mimi nyanya yangu kule kwetu Kisauni alinifunza maneno hayohayo, tena kwa kofi. Basi utatukuta mchana, nje jua linaunguza lami, ndani tumezima kiyoyozi, tumevaa sweta, jasho linatutiririka, na tumeridhika. Madam Lusia akirudi kazini alidhani tumerukwa na akili.

Ijumaa ndiyo ilikuwa siku yake. Kwao kuna mkate wa mahindi, mwembamba kama chapati ya maji, wanauita tortiya. Unga wake hutokana na mahindi yaliyochemshwa kwa chokaa, na alikuja nao kwenye sanduku la safari kana kwamba amebeba dhahabu. Alikuwa akichukua tonge, analipigapiga baina ya viganja, pa, pa, pa, huku analizungusha, mpaka linakuwa duara lisilohitaji sahani kulipimia. Wakati huo vidole vilikuwa vinamruhusu. Nyumba nzima ilikuwa ikisikia ule mlio inakuja jikoni yenyewe, hata mhandisi. Wanakula kwa maharage, wamesimama, wanamwagiana maneno. Siku unga wake ulipokwisha nikamletea huu wetu wa ugali kutoka duka moja la hapa Najma. Tukaukanda, ukakataa kushikana, ukakatikakatika kama mchanga. Tulicheka mpaka akalazimika kukaa chini. Nikausonga ugali, akaula na maharage yake, akasema huu na tortiya ni mtu na dada yake.

Sasa, maumivu yakazidi. Madam Lusia akampeleka kwa daktari, mama mmoja wa Kisudani, mpole, na mimi nikafuatana nao. Daktari akaandika dawa ya kumeza kila wiki, akaeleza kwamba hiyo ndiyo itakayozuia viungo visiharibike. Kisha akasema ni vizuri pia kupunguza sukari, chumvi na mafuta. Akamgeukia mgonjwa. “Mama, utaweza kubadilisha chakula?”

Madam Lusia akatafsiri. Donya Chela akainamisha kichwa. “Sí, daktari. Sí, sí.”

Mwanangu, nililitambua hilo jibu. Wewe hujawahi kumwona bibi yako mbele ya mganga mkuu? Mtu wa makamo, amelelewa kuheshimu mwenye elimu, ataambiwa ameze mawe ataitikia vizuri. Wao wako hivyo, na sisi tuko hivyo. Kumkatalia daktari usoni ni utovu wa adabu. Kwa hiyo unasema ndiyo, unashukuru, unatoka, na moyo wako unabaki na lake.

Madam Lusia hakutosheka na yale aliyoambiwa. Kaka zake walikuwa wakimpigia simu kutoka kwao kumwambia, umemchukua mama umempeleka jangwani akaugue. Maneno hayo yalimchoma. Akaanza kusoma huku na huku kwenye simu, akimsikiliza huyu na yule, mpaka akaamini kwamba mahindi ni sumu, maharage ni sumu, nyanya na pilipili usiseme. Ijumaa moja akafungua makabati kama ulivyofungua langu. Unga wa sandukuni, uliotumwa upya na ndugu zake, ukaenda. Maharage yakaenda. Donya Chela akawekewa sahani yake peke yake, samaki wa mvuke na majani ya kuchemsha. Na kwa kuwa walimwonea huruma, wenziwe wakawa hawali mbele yake. Walikwenda kula sebuleni, wakidhani wanamfanyia wema.

“Mamá, unaweza?” bintiye alimuuliza.

“Sí, miha.”

Basi ule mlio wa pa, pa, pa ukatoweka nyumbani. Donya Chela akawa anakula meza ya jikoni, mimi nimesimama kwenye karai la vyombo, hakuna anayeongea. Hakuwa mkaidi. Nataka uelewe hilo, kwa sababu watu wakisikia mzee hataki kubadilisha chakula husema ni ujinga na ukaidi. Soda aliacha siku hiyohiyo. Mkate wa sukari aliokuwa akiuchovya kwenye kahawa aliacha, wala hakunung’unika. Kilichomuuma ni kile chakula kilichokuwa kikimwitia watu jikoni.

Chumbani kwake alikuwa na kirafu kidogo chenye sanamu ya Bikira Maria, maua ya plastiki, na picha ya marehemu mumewe. Mimi ni Mwislamu, lakini kitu cha ibada cha mtu hakidharauliwi, nilikuwa nikikipangusa taratibu. Siku moja nikasogeza sanamu nipanguse nyuma yake, nikaviona vidonge. Vile vya kila wiki. Vimepangwa mstari, havijamezwa.

Nikageuka, naye amekaa kitandani ananitazama. Akaweka kidole kilichopinda mdomoni, nyamaza. Halafu akanieleza, kwa ile lugha yetu ya kuunga. Kwao kuna kitu kinaitwa manda. Mtu akiwa na shida kubwa humwahidi Bikira kwamba ataacha kitu anachokipenda, naye aombewe apone. Yeye ameacha tortiya. Ameacha meza yake ya Ijumaa. Akaona, ikiwa ametoa kikubwa hivyo kisha anameza na vidonge, itakuwa kama kumwambia aliyemwahidi, sikuamini.

“Nadhiri,” nikasema.

“Manda,” akasema.

“Ndiyo hiyohiyo.”

Laiti ningekuwa sijui nadhiri ni nini! Mgeni wa mambo hayo, Mzungu asiye na dini, angeshtuka, angekimbia kumwita bintiye. Mimi niliielewa mno. Kwetu ahadi ni deni, na ahadi ya mtu na Mola wake hakuna anayetia mkono. Nyanya yangu aliwahi kuweka nadhiri akafunga, mwili ukamwisha, na hakuna mtu nyumbani aliyethubutu kumwambia fungua. Nikaona huyu ni mtu mzima, ana akili zake, ana dini yake, mimi ni nani? Nikarudisha sanamu mahali pake. Nikawa kila wiki nikipangusa naona kidonge kimeongezeka, nakipangusa pamoja na rafu.

Nilijidanganya kwamba namheshimu. Nikikumbuka sasa naona nilikuwa na woga pia. Nilichelea kumuudhi, nilichelea asije akaacha kuniita miha. Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Tulirudi kwa daktari mara moja katika kipindi hicho. Akauliza, “Dawa anameza vizuri?” Madam Lusia akajibu haraka, “Anameza, na chakula anafuata barabara, hata halalamiki.” Daktari akanitazama mimi mtunzaji. Nikainamisha macho nikayatazama malapa yangu.

Ilipoingia baridi ya Januari mikono yake ikafunga. Kwanza hakuweza kushika kikombe, kikamponyoka kikavunjika. Halafu vidole vikaanza kulala upande, vyote vinakimbilia nje, kama majani yaliyopigwa na upepo mmoja. Alikuwa akiugulia chini kwa chini anapodhani sisikii. Hapo ndipo nilipoogopa kwelikweli. Wahenga hawakukosea waliposema mficha maradhi kifo humuumbua, ila hawakutuambia afanyweje yule anayemsaidia kuficha.

Tulipofika hospitali, daktari alizishika zile ngumi mbili, akazigeuza taratibu. Kisha akauliza kuhusu dawa. Madam Lusia akafungua kinywa, na daktari akamzuia kwa mkono. “Namuuliza mama.”

“Sí,” akasema Donya Chela, kwa sauti ndogo.

Nikasema, “Hamezi. Viko nyuma ya Bikira.”

Mwanangu, nilitegemea anitazame kwa hasira. Alinitazama kama mtu aliyetuliwa mzigo. Machozi yakamtoka, akaanza kuongea Kihispania mfululizo, na Madam Lusia badala ya kutafsiri akawa analia naye. Daktari akasubiri. Walipotulia akauliza jambo ambalo alikiri alipaswa kuliuliza tangu siku ya kwanza. Alimuuliza Donya Chela kwao wanakula nini, na anakula na nani, na katika vyote ni kipi kitamuuma zaidi akikikosa. Akaambiwa, tortiya za Ijumaa.

“Basi hizo ule,” daktari akasema. “Mahindi hayana kosa. Maharage ndiyo mazuri kabisa. Nilikusudia soda, sukari, mafuta mengi ya kukaangia.”

Unasikia, Zuhura? Alichoachishwa hakikuwa na kosa, na alichohitaji kikawa kimewekwa nyuma ya sanamu kwa ajili ya hicho. Madam Lusia alikaa chini palepale, kwenye kiti cha wagonjwa, akajifunika uso kwa mkoba wake. Nilimwonea huruma. Alikuwa amempenda mama yake kwa nguvu zake zote, lakini hakumuuliza ila maswali ya kujibiwa sí.

Dawa ikaanza upya, naye akaimeza mbele yetu. Kuhusu nadhiri, padri wao mmoja alimwambia kwa simu kwamba tabibu naye ni jibu la dua. Uvimbe ukashuka, maumivu yakapungua, akaanza kulala. Lakini vidole vilivyokwisha kupinda havikunyooka. Daktari alitwambia hivyo bila kuficha. Maji yakimwagika hayazoleki.

Ile Ijumaa niliyoanza nayo ndiyo iliyofuata. Unga ulikuwa umepatikana, maharage yako motoni, watu wote wako jikoni, hata mhandisi na miwani yake. Donya Chela akakaa mezani, mikono yake imelala juu ya kitambaa, akawa ananielekeza. Nikachukua tonge, nikapiga, pa, pa, likapasuka. La pili likatoka refu kama ulimi wa ng’ombe. Wakacheka, naye akacheka. Halafu nikaona anayafuatisha matonge yangu kwa viganja vyake, anavisogeza kidogo hewani, vinakataa kukutana. Alipojiona akavishusha chini ya meza.

Baadaye, wenzetu walipokwenda sebuleni na kahawa, akaniambia nikae. “Miha, wewe uliviona vile vidonge tangu mwanzo.”

“Niliviona.”

“Kwa nini hukusema?”

“Ilikuwa nadhiri yako, Donya.”

Akatikisa kichwa. Hakupandisha sauti. “Nilikuonyesha ninyamaziwe, ndiyo. Lakini nilikuwa nangoja mtu akae hapa mbele yangu aniulize, hivi wewe mama, uko vipi na haya mambo? Binti yangu ana hofu, hawezi. Nilidhani atakuwa wewe.”

Nilikwenda uani kuanika vitambaa vilivyokuwa vimeshakauka. Nililia huko mpaka ndege zilizokuwa zikipita juu yetu zilipoacha kusikika. Yeye alirudi kwao miaka michache baadaye, na huko ndiko alikozikwa. Madam Lusia ndiye aliyeniandikia. Sikuwahi kumlipa Donya Chela lile swali, na majuto ni mjukuu, mwanangu, wangu huyu ameshakuwa mkubwa, ananifuata kila niendako.

Sasa nasaha yangu, wewe na wenzako mnaotunza wagonjwa wa watu, na wa kwenu. Mkimbadilishia mtu chakula, jueni mnagusa mengi yaliyo kwenye ile sahani, watu wake, siku yake, kumbukumbu ya aliyempikia. Msianze na kabati. Anzeni na kiti, mkae, mumuulize anakula nini na anakula na nani, kisha mumuulize asichoweza kukiacha. Akisema ndiyo upesi, msiifurahie. Mzee aliyelelewa kwa adabu ndiyo yake ni ya kukupa heshima, bado hajakujibu. Na mkibadilisha, badilisheni nyumba nzima mle pamoja, asile mtu peke yake kama mwenye adhabu. Dawa isiachwe kwa ajili ya chakula, wala chakula kisifanywe dawa ya kila kitu. Ukiona mtu anaumia kimya, usijifiche nyuma ya heshima. Mwenye siri inayomla anaomba uivunje, hata akikuwekea kidole mdomoni.

Na hapa nimalizie na langu, maana sitaki uje ulikute nyuma ya kitu. Juzi nilikuwa nimeshika kile kidonge changu cha wiki. Nikajisikia nikisema moyoni, tui nimeacha, mahamri nimeacha, ugali nimeacha, si basi? Nikakiweka kando ya cherehani. Mimi, niliyeyaona yale kwa macho yangu! Nikakaa hapo, nikiitazama mikono hii, kisha nikasikia kile kidonge kikiniita miha. Nikakimeza na chai isiyo na sukari.

Kwa hiyo Ijumaa hii njoo mikono mitupu. Usifungue kabati, halina kitu, uliliona mwenyewe. Kaa kwenye kile kiti cha cherehani. Sukari nitaacha, na chumvi, na mafuta tutasemezana. Lakini ugali wa Ijumaa tuule wote wawili, ndio ulionikuza na ndio ninaoutaka. Tui, wewe ndiye msomi, nieleze nitakusikia.

Mola akupe moyo wa kuuliza kabla ya kutoa. Awape shifaa wote wanaoamka vidole vimefunga, wa kwetu na wa kina Donya Chela. Viganja vyako vikutane mpaka uzeeni. Na mimi mgonjwa wako nipo hapa, mwanangu, niulize uji.